Manjano ya Jumatano

Ofisini walimwita Mama Nguzo, na jina hilo hakupewa bure. Mtoto wa kumzaa alikuwa na mmoja tu, binti aliyeolewa mbali, lakini daraja lilikuwa na nguzo tano, na kila asubuhi alizisimulia kama mama anavyosimulia wanawe kwa jirani. "Ya Kwanza haina neno. Ya Pili ina makelele lakini haina ubaya. Ya Nne na ya Tano zimelala. Ya Tatu ndiyo inayonikosesha raha. Iko kimya mno, na mtoto akikaa kimya ujue anavunja kitu."

Wenzake walicheka. Naye alicheka, kisha akavaa miwani na kugeukia kompyuta yake.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na miwili, enzi ambazo kipimo cha mto kilikuwa ubao mrefu uliopakwa mistari myeupe na myeusi na kufungwa ubavuni mwa nguzo ya ukingoni. Asubuhi na jioni alishuka ngazi za zege, arobaini na moja kwenda na arobaini na moja kurudi, akasoma maji yamefika mstari gani, akaandika kwenye daftari la jalada gumu. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakaanza kumlaumu. Ndipo wakaja mafundi na masanduku yao. Chini ya sakafu ya daraja wakafunga kifaa cha kupima kina cha maji. Juu ya kila nguzo wakaweka kisanduku cha kijivu kilichojua nguzo imeinama kiasi gani, hata kama ni unene wa unywele. Na miguuni mwa Nguzo ya Tatu, pale mto unapopinda kwa hasira, wakazamisha bomba la chuma la kueleza udongo umebaki kiasi gani. Vyote hivyo vilituma habari kila baada ya dakika kumi kwa laini ya simu, mpaka kwenye meza yake. Yeye akapelekwa kozi ya miezi mitatu, akarudi na cheti na miwani mipya.

"Watu wanadhani maji husukuma daraja likaanguka," aliwaambia waliomuuliza kazi yake ni nini hasa. "Maji hayana haraka hiyo. Yanachimba. Ni kama jino bovu: juu linang'aa, chini hakuna kitu."

Ukutani, juu ya meza, palikuwa na karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye rangi tatu. Manjano: kaa macho. Chungwa: zuia malori, toa taarifa kwa polisi. Nyekundu: funga, kisha piga simu. Hayo maneno manne, "funga, kisha piga simu", aliyapigania yeye mwenyewe. Huko juu ya mto daraja moja dogo lilikwenda na lori la mbao na watu wanne huku karani akisubiri sahihi ya mkubwa aliyekuwa kwenye kikao. Alipoisikia habari ile hakula siku nzima. Aliandika barua tatu makao makuu, na barua ya tatu ndiyo iliyojibiwa: msimamizi wa vipimo anaweza kufunga daraja kwanza, na maelezo yafuate.

Haki hiyo aliitumia mara moja, na ikamgeuka. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, siku ya jua kali, mstari wa Nguzo ya Pili kwenye kompyuta ulipanda ghafla mpaka kwenye nyekundu. Alifunga. Watu walikaa nusu siku pande zote mbili, mboga zikanyauka, mitihani ikachelewa. Fundi alipopanda kwenye kisanduku akakuta bolti moja imelegea, na ndani nyigu wamejenga nyumba yao ya udongo. Sokoni walicheka kwa mwezi mzima. "Leo nyigu wameruhusu tupite?" walimuuliza akienda kununua nyanya. Yeye alitabasamu, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ofisi nzima ilikuwa imeumwa. Mkuu wa ofisi akatoa agizo: manjano ni habari ya ndani. Isitoke nje ya mlango. "Manjano ni wasiwasi wetu," alisema. "Hatuwezi kuwagawia watu wasiwasi." Mama Nguzo alitia sahihi kwamba ameelewa. Na kusema kweli, alishukuru. Hakutaka kuchekwa tena.

Sasa, kwao walizaliwa wawili tu: yeye na mdogo wake wa kiume, aliyekuwa na pikapu ya kusambaza vinywaji madukani. Mama yao alikwishatangulia. Baba yao, fundi cherehani mstaafu, aliishi kwa huyo mdogo wake, kwenye chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara. Alikuwa mzee mwembamba, mbishi, anayepima watu kwa macho. Mgeni hajakaa, yeye ameshajua kiuno chake ni inchi ngapi, na mara nyingine alimwambia. Figo zake zilimkataa akiwa na miaka sabini na mmoja. Tangu hapo kila Jumanne na kila Ijumaa alikwenda kusafishwa damu kwenye hospitali kubwa, na hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya mto. Mdogo wake ndiye aliyempeleka. Walitoka saa mbili asubuhi, pikapu ikiwa tupu nyuma, na walirudi alasiri baba amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa, lakini akibishana bado.

"Dada yako analipwa kulitazama daraja," alikuwa akisema wanapovuka. "Mimi ningelitazama bure, na nisingelifunga kwa ajili ya nyigu."

Mvua zilizoleta mambo hazikunyesha kwao. Zilinyesha milimani, mbali, huku mjini kukiwa na mawingu tu na joto la kuchosha. Jumatano saa tisa alasiri Mama Nguzo aliona kina cha maji kimeanza kupanda, taratibu, bila fujo. Saa tisa na nusu kikagusa manjano. Alisogeza kiti. Mstari wa bomba la Nguzo ya Tatu nao ulikuwa umeshuka kidogo; udongo ulikuwa umeanza kuondoka. Aliandika kwenye daftari, maana daftari hakuliacha hata kompyuta ilipokuja, akamwambia mkuu wa ofisi. Mkuu akachungulia, akasema, "Haya, kaa macho," akaondoka zake.

Saa kumi simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, Ijumaa unaweza kuomba ruhusa? Nina mzigo wa asubuhi, nataka nimshushe Baba pale hospitali niwahi kurudi. Ukae naye wewe."

Alitazama kioo cha kompyuta. Mstari wa maji ulikuwa juu ya manjano kwa upana wa kidole.

"Ijumaa sidhani," alijibu. "Kazi imebana."

"Kuna nini?"

"Mvua tu. Za huko juu."

"Basi nitajua la kufanya. Wifi yako anakusalimu."

"Msalimie."

Alikata simu, akaiweka kifudifudi mezani. Kisha mashine ikalia, dakika kumi nyingine zilikuwa zimetimia, akageuka kutazama.

Alhamisi asubuhi ilikuwa chungwa, na malori yakazuiwa. Saa nane mchana mto ulifika na ile sauti yake ambayo wazee wa kazi waliijua, si ngurumo bali mkwaruzo, kama mtu anavuta kabati zito chumba cha pili. Magogo yalianza kugonga. Nguzo ya Kwanza, ya Pili, ya Nne, ya Tano, zote zilitikisika na kurudi mahali pake. Ya Tatu ilitikisika, na haikurudi yote. Ilibaki na kiasi kidogo, kidogo sana, ambacho kwa jicho usingekiona. Gogo jingine likagonga, ikaongeza. Na bomba la miguuni likasema udongo umekwenda mita moja na nusu tangu jana yake.

Alimtuma fundi akatazame kisanduku. Fundi alirudi amelowa mpaka kwenye soksi. "Bolti zimekaza, mama. Hakuna nyigu."

Saa kumi kasoro robo alifunga. Alimpigia sajenti wa polisi wa pale darajani, kisha mkuu wa ofisi, kisha makao makuu. Mapipa yakapangwa, kamba ikafungwa. Kisha akaandika saa kwenye daftari.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa pale kizuizini mwenyewe, amevaa koti la mvua la ofisi, simu mkononi ikimwonyesha mistari yake. Watu walikuwa zaidi ya mia mbili. Kulikuwa na wauza mboga na magunia, vibarua, wanafunzi wenye sare, bwana mmoja na kreti la vifaranga waliokuwa wakilia bila kupumzika. Nyuma ya mapipa daraja lilikuwa limelala tupu, limenyooka, zima kabisa kwa kulitazama. Hilo ndilo lililowaudhi watu. Lingekuwa na hata ufa mmoja wangeelewa.

Pikapu ya mdogo wake ilifika ikipiga honi, watu wakapisha. Alishuka upande wa dereva, akazunguka, akafungua mlango. Baba yao alikuwa amekaa na shati lake jeupe la hospitali, lile la mikono mipana alilolishona mwenyewe ili wauguzi wasihangaike. Miguu ilikuwa imevimba. Viatu havikuwa na kamba.

"Dada," mdogo wake alisema kwa sauti ya chini, "njoo tuongee."

Waliongea kando ya pipa.

"Sitaki kuvusha gari," alisema. "Gari naliacha hapa. Nitamshika mkono tutembee. Upande wa pili nimeshampigia mtu wa teksi, anatungoja. Dakika tano, Dada. Sita."

"Halivukiki."

"Baba ana kilo hamsini na tano! Daraja linabeba malori ya saruji, litajua limekanyagwa na Baba?"

Sajenti, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya hasikilizi, alikohoa. "Mama, ukisema wewe, mimi nafungua kamba kidogo. Mgonjwa ni mgonjwa."

Alitazama simu. Nguzo ya Tatu ilikuwa imeongeza tena, saa mbili na dakika hamsini. Alitazama watu. Wote walikuwa wamesogea, hata yule wa vifaranga amesogeza kreti karibu, na wote walikuwa wakitazama ile kamba. Alijua kabisa kitakachofuata: mgonjwa mmoja, kisha mwenye mtoto mgonjwa, kisha mwenye mgonjwa nyumbani, kisha wote kwa mkupuo, mia mbili na magunia yao, katikati ya Nguzo ya Pili na ya Tatu.

"Siwezi," alisema.

Ndipo baba yao akateremka mwenyewe, akishikilia mlango. Alitembea hatua nne mpaka mbele ya binti yake, akihema.

"Mwanangu. Nipitishe."

"Baba, nisamehe. Nikikupitisha wewe, hawa wote watapita."

"Hao si baba yako."

"Ndiyo maana, Baba."

Mzee alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama alivyokuwa akiwatazama wateja, lakini safari hii hakusema kipimo. Alisema, "Sikukusomesha uje unifungie njia." Akageuka. Alishindwa kupanda garini, mwanawe akambeba kama mtoto, akamweka kitini, akafunga mlango polepole. Kilichomuuma Mama Nguzo ni ule mlango. Angependa ungebamizwa.

Hakukaa bure. Asidhani mtu kwamba alisimama pale kama sanamu. Alipiga simu hospitali, wakasema mashine haihamishiki. Alipiga kikosi cha uokoaji, wakasema helikopta iko bondeni, watu wako juu ya mapaa. Aliomba jina la baba yake liandikwe, wakaliandika. Boti ya kikosi haikuweza kuingia kwenye maji yale. Jumamosi mdogo wake alimlaza mzee kwenye godoro nyuma ya pikapu, akaifunika kwa turubai, akajaribu njia ndefu, ile inayozunguka kwenye daraja la chini, kilomita mia moja na arobaini. Kwenye kilomita ya sitini mlima ulikuwa umemwagika barabarani. Akarudi.

Mama Nguzo alikwenda kumwona Jumapili mchana, alipopata saa mbili za kupumzika. Wifi yake alimfungulia, akamkumbatia. Mzee alikuwa amelala ameelekea dirishani. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi. Binti alikaa kwenye kiti, akamwita mara mbili. Mara ya pili mzee alifumbua macho, akamwona, akayafumba. Pengine alikuwa amechoka tu. Pengine hakumtambua. Wifi yake alisema hivyo, na amelisema mara nyingi tangu siku ile, lakini wifi yake ni mtu mwema.

Mzee alikufa Jumatatu, saa saba mchana. Maji yalikuwa yameshashuka chini ya chungwa tangu asubuhi.

Na daraja halikuanguka. Hapo ndipo penye shida yote. Lingeanguka, hata saa nane ya usiku, hata bila mtu juu yake, mji mzima ungemwita shujaa na mdogo wake angekuwa na kitu cha kushika. Lilisimama tu, na majani yamekwama kwenye vyuma vyake. Jumatano, baada ya ukaguzi wa kwanza, waenda kwa miguu waliruhusiwa, kumi kumi, na kwa kila aliyepita Mama Nguzo aliona kama jeneza la baba yake linavushwa. Sokoni hakuna aliyemtania tena. Walimpimia nyanya, wakamwongezea moja, wakatazama pembeni. Alitamani wangetania.

Wiki iliyofuata alikuja mhandisi wa makao makuu na wapiga mbizi wawili. Mhandisi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya kukwaruza. Walipomaliza alimwita kando, wakakaa kwenye ukingo wa ngazi zile za zege.

"Chini ya Nguzo ya Tatu kuna shimo la kuingia chumba," alisema. "Nguzo ina mihimili sita iliyokwenda chini kwenye mwamba. Minne iko wazi, inaning'inia majini. Mmoja umepasuka. Ulifanya kazi yako, mama. Nitaandika hivyo."

"Lingeanguka?"

"Kwa magari ya kawaida ya Ijumaa? Lingeweza. Lingeweza pia lisianguke. Hakuna anayejua, na anayekwambia anajua anakudanganya."

Ndipo Mama Nguzo akauliza lile lililokuwa limemkaa moyoni siku kumi. "Mtu mmoja. Mzee wa kilo hamsini na tano, anatembea, na mwanawe amemshika."

Mhandisi alikuwa ameambiwa habari za baba yake. Kila mtu alikuwa ameambiwa. Angeweza kumpa uongo mzuri. Alivua kofia yake ya plastiki, akaiweka magotini.

"Hao wawili, lingewabeba," alisema. "Lakini pale hukuwa na hao wawili peke yao."

"Nashukuru," alisema Mama Nguzo, na alimaanisha.

Wiki ya tatu baada ya mazishi mdogo wake alikuja ofisini. Hakuwahi kufika pale hata siku moja miaka yote ile. Alisimama mlangoni, ameshika funguo za gari, akasema anataka kuviona hivyo vipimo.

"Si kwa ugomvi," alisema. "Nataka tu kuona kilichokuwa kinaonekana."

Alimtolea kwenye karatasi, wiki nzima, mistari na rangi zake. Aliitandaza mezani. Alimweleza kila mstari ni wa nini, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kueleza wageni. Mdogo wake alifuata kwa kidole. Alikuwa na vidole vya baba yao.

"Hapa tulipofika kizuizini."

"Hapo. Unaona ulivyokuwa unapanda."

"Naona." Alisogeza kidole. "Na hapa ukatulia."

"Saa sita mchana. Lakini bado nisingefungua. Ilikuwa lazima kwanza likaguliwe."

"Sijasema ungefungua." Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ulimpa dada yake matumaini kidogo. Alimwambia hata alichosema mhandisi, kwamba wale wawili lingewabeba, maana aliona si haki kubaki nalo peke yake. Mdogo wake aliitikia kwa kichwa. Kisha kidole chake kikarudi nyuma, kushoto kabisa mwa karatasi, polepole, kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi.

"Hii manjano ni ya lini?"

"Jumatano."

"Saa ngapi?"

"Tisa na nusu."

"Nilikupigia saa kumi."

Mama Nguzo alinyoosha pembe ya karatasi.

"Nilikuuliza kuna nini. Ukaniambia mvua."

"Manjano haimaanishi litafungwa. Mara kumi ikija, mara tisa inaondoka yenyewe. Na tulikuwa na agizo, manjano isitoke nje..."

"Jumatano daraja lilikuwa wazi," mdogo wake alisema. Sauti ilikuwa ileile ya chini. "Ningemchukua Jumatano ileile. Au Alhamisi asubuhi. Hospitali wangempa kitanda, walishampa siku nyingine. Angelala kule, angebishana na wauguzi. Hilo la Ijumaa nilishaanza kulielewa, Dada. Wallahi, nilikuja hapa nikiwa nimeanza kulielewa."

Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akaondoka. Mama Nguzo alisikia pikapu ikiwaka uani, ikakaa muda mrefu bila kuondoka, kisha ikaondoka.

Alikuwa amejiandaa kujibu kila kitu kuhusu Ijumaa. Kuhusu Jumatano hakuwa na neno hata moja, kwa sababu alikwishajiuliza mwenyewe kabla ya kuulizwa, na jibu lilikuwa dogo na la aibu: hakutaka kuchekwa. Agizo lilikuwepo, ndiyo. Lakini ni nani angemkamata kwa kumnong'oneza ndugu yake?

Matengenezo ya Nguzo ya Tatu yalichukua miezi saba. Walimwaga mawe makubwa miguuni mwake, wakaivika zege jipya. Kwenye sherehe ya kufungua aliitwa mbele, akapewa cheti cha pongezi chenye fremu, mkuu wa ofisi akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Alikipeleka nyumbani, akakiweka nyuma ya kabati, uso ukutani.

Siku chache baadaye alikwenda ng'ambo, kwenye kile chumba cha hospitali chenye mashine, akaonana na muuguzi mkuu. Alitaka kujua ni wagonjwa wangapi wanatoka upande wa pili wa mto. Walikuwa kumi na mmoja. Akaongeza wawili wa sindano za saratani, na mama mmoja mwenye mimba ya mapacha. Alichukua namba za simu na siku zao. Kisha akamwandikia mkuu wa ofisi barua, kwamba kuanzia sasa ikifika manjano atawapigia hawa mmoja mmoja na kuwashauri wavuke mapema.

"Tumeshazungumza kuhusu manjano," mkuu alisema, barua mkononi.

"Tumezungumza."

"Na likitokea la nyigu tena?"

"Watanicheka."

Mkuu aliikunja barua. Hakuikubali na hakuikataa. Aliiweka chini ya faili nyingine, na Mama Nguzo akaelewa hiyo ndiyo ruhusa atakayopata.

Alimwomba pia mdogo wake, kupitia kwa wifi yake, kama pikapu ingeweza kusaidia siku kama hizo, kwa wale wasioweza kutembea. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Gari ina matatizo ya gia, alisema wifi yake, akitazama chini, maana wote wawili walikuwa wameiona asubuhi ile ikipita na kreti za soda mpaka juu. Yeye na mdogo wake wanasalimiana. Kwenye kaburi la baba yao husafisha kwa zamu, yeye wiki hii, mdogo wake wiki ile, na hawajakutana pale hata mara moja. Neno "Dada" bado anamwita. Halina kitu ndani, lakini anamwita.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza milimani, manjano ya kwanza ilikuja Jumatatu saa nne asubuhi. Alipiga simu kumi na nne. Walivuka tisa. Maji yakashuka siku iliyofuata, na wale tisa wakarudi wamekasirika; mmoja alikuja ofisini kumwambia usoni kwamba amelala sakafuni kwa ajili ya maneno yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba radhi. Ya pili ilikuja baada ya siku kumi na mbili, alasiri, akavuta tena ile orodha.

Wa mwisho kwenye orodha alikuwa bibi mmoja, mshonaji wa mashuka, aliyesikia kwa taabu.

"Wewe ndiye yule wa juzi?" bibi aliuliza. "Uliyesema maji yanakuja yasije?"

"Ni mimi, bibi."

"Na ukikosea tena?"

"Nikikosea utakuwa umelala hospitali siku mbili bure."

"Na usipokosea?"

Dirishani mawingu yalikuwa yamesimama tu, hayana mvua. Alisogeza simu kwenye sikio la pili.

"Bibi, una mtu wa kukushika mkono mpaka ng'ambo?" aliuliza. "Kama huna niambie. Nakuja mimi."